Ini, Bakteria na Baridi ya Mbeya: Tyubu Mbili za Mgonjwa Mmoja

Anayetafiti vimeng'enya vya ini pamoja na namna seli za kinga zinavyowakabili bakteria huchukua tyubu mbili kwa mgonjwa mmoja, kwa mchomo mmoja, kisha hulazimika kuzitunza kwa namna zinazopingana. Ya kifuniko chekundu ni ya seramu: inataka kuganda, kuzungushwa na kuwekwa kwenye ubaridi mapema. Ya kifuniko cha kijani, yenye heparini, ni ya seli hai: ukiilaza juu ya barafu utapata seli zilizopo kwa idadi lakini hazifanyi kazi. Huku Nyanda za Juu Kusini, ambako asubuhi za Juni na Julai benchi lenyewe linaweza kuwa na nyuzi 15, kosa hilo hutokea hata kabla mtu hajagusa friji.

Vyote viwili hupimwa pamoja kwa sababu ini ndilo lango. Robo tatu hivi ya damu inayoingia kwenye ini hutoka utumboni na kwenye bandama kwa mshipa mmoja mkubwa, vena porta, ikiwa imebeba chakula, dawa, pombe na mabaki ya bakteria. Ndani ya vimishipa vya ini zimekaa seli za Kupffer, kundi kubwa kuliko yote la makrofaji zisizozurura mwilini, nazo huwashika bakteria wanaopita na kuwameza. Seli za ini zenyewe, hepatosaiti, hutengeneza protini iitwayo LBP. Kazi yake ni kubeba lipopolisakaridi, yaani gamba la nje la bakteria wa Gramu hasi, na kuifikisha kwa seli za kinga. Zikiitambua kupitia kipokezi cha TLR4, seli hizo humwaga saitokini, yaani protini za kupeana ishara, kama TNF na IL-6. IL-6 hiyo hiyo hurudi kwa hepatosaiti na kuziamuru mambo mawili: ziongeze CRP, protini ya damu inayopanda wakati wa maambukizi, na zipunguze vimeng'enya vya familia ya CYP vinavyovunja dawa. Ndiyo maana mtu mwenye homa kali ya bakteria anaweza kukaa na dawa mwilini muda mrefu kuliko kipimo cha vidonge kilivyokadiriwa. Anayesoma ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye seramu, peke yake ataona imepanda tu, asijue kama ni bakteria, ni dawa, au ni uchukuaji mbovu wa damu.

Tuanze na huo uchukuaji mbovu, maana ndio unaoharibu kazi nyingi.

Chembe nyekundu za damu zimejaa vimeng'enya vya AST na LDH kuliko seramu, mara makumi kwa AST na zaidi ya hapo kwa LDH. ALT nayo imo humo lakini kwa kiasi kidogo. Zikipasuka, AST inapanda na mtu anaandikiwa ugonjwa wa ini ambao hana. Zinapasuka kwa sababu za kawaida kabisa: sindano ya 25G, ile ya rangi ya machungwa, kwa mtu mzima aliyestahili ya 21G ya kijani, spiriti ambayo haijakauka kwenye ngozi, bomba la sindano kuvutwa kwa nguvu kwa haraka ya foleni, na lile ambalo wengi hawalifikirii, kusukuma damu kupitia sindano hadi kwenye tyubu badala ya kuitoa sindano kwanza na kumimina taratibu ukutani mwa tyubu. Asubuhi za Makete na Njombe mishipa ya mkono hujificha kwa baridi, na mpimaji hufunga mpira mkononi dakika tatu au nne huku anapapasa. Ikipita dakika moja, maji ya damu yanaanza kutoka kwenye mshipa na vimeng'enya vilivyobaki vinaonekana vingi kuliko vilivyo. Beseni la maji ya uvuguvugu la kulowekea mkono kwa dakika 5 linamaliza tatizo hilo, na halina gharama.

Tyubu nyekundu isimame wima hadi damu igande. Karatasi za maelekezo husema dakika 30, lakini hizo ni za chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Kwenye nyuzi 15 damu huchelewa kuganda. Ukiizungusha mapema, nyuzinyuzi za fibrini huendelea kujiunda ndani ya seramu na kuziba kidomo cha mashine au ncha ya pipeti, nawe unapata ALT ya chini kwa sababu pipeti imevuta nusu ya kiasi. Ipe saa nzima ikibidi, au ingiza rafu ya tyubu kwenye kabati lenye nyuzi 25. Kisha zungusha kwa 1,500 g (mara 1,500 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 10 na utenge seramu ndani ya saa 2 tangu damu itoke mwilini.

Baada ya hapo seramu ikae nyuzi 4, ambako vimeng'enya hivi huvumilia siku kadhaa. Usiitupe kwenye friza ya kawaida ya nyuzi −20 ukidhani unaitunza zaidi. ALT hupoteza nguvu kwenye −20. Inataka −70 au chini ya hapo. Tunaona watu wanakusanya sampuli za miezi mingi kwenye friza ya aina ileile ya nyumbani, kisha wanashangaa AST imekaa na ALT imeshuka kwa wote, halafu wanaandika uwiano wa AST kwa ALT kana kwamba ni habari ya wagonjwa. Ni habari ya friza.

Sasa njiani. Sampuli za Kyela hutoka kwenye joto la ukanda wa Ziwa Nyasa, mita mia tano hivi juu ya usawa wa bahari, zinapanda Tukuyu hadi Mbeya penye mita 1,700 na ushee. Safari ina joto mwanzoni, baridi katikati na mitikisiko kila mahali. Damu ambayo haijatengwa ikipigwapigwa kwenye barabara ya vumbi chembe nyekundu hupasuka, kwa hiyo ni afadhali kituo cha huko kiwe na sentrifyuji ndogo na kitume seramu kuliko kutuma damu nzima. Tyubu ya kijani haina njia hiyo; lazima isafiri nzima. Kwenye kisanduku kimoja cha baridi tunatenga sehemu mbili kwa kipande cha godoro au boksi nene: upande huu vibarafu na seramu, upande ule tyubu za kijani zimefungwa kwenye taulo pamoja na chupa ya maji ya nyuzi 22, na kipimajoto pande zote mbili. Dereva aambiwe asiweke kisanduku juu ya injini. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazomeza bakteria, ni seli za muda mfupi. Zikipita saa 4 tangu damu itolewe, majibu yake huwa ya seli zinazokufa. Kwa hiyo mgonjwa wa Kyela anayetolewa damu saa 2 asubuhi lazima gari liondoke hapo hapo, au kipimo cha nyutrofili kifanyike huko huko.

Kwenye benchi, kipimo cha ALT kinaonekana rahisi. Kitendanishi kina alanini, oksoglutarati, kimeng'enya cha LDH na NADH. ALT ya mgonjwa huhamisha kundi la amino na kuacha piruveti; LDH huigeuza piruveti kuwa lakteti na kuila NADH; NADH inavyopungua, mwanga wa nanomita 340 unaofyonzwa unapungua. Wazo la kuunganisha kimeng'enya kinachopimwa na kingine kinachokula NADH ni la Arthur Karmen, aliyelichapisha mwaka 1955 kwa AST, na mashine za leo bado zinalitumia. Ukiwa na mililita 1 ya kitendanishi na mikrolita 100 za seramu, kwenye kyuveti ya sentimita 1, zidisha badiliko la ufyonzaji kwa dakika na 1,768 upate yuniti kwa lita. Namba hiyo haikutoka mbinguni: ni 1.1 mara 1,000 gawanya kwa 6.22 mara 0.1. Badiliko la 0.020 kwa dakika ni yuniti 35. Mwanafunzi asiyeweza kuipiga hesabu hiyo kwa mkono asiachiwe mashine, kwa sababu siku mtu atakapobadilisha kiasi cha seramu hatajua kwamba namba nayo imebadilika.

Shida ya kwanza ni joto. Kimeng'enya hupimwa kwenye nyuzi 37, na kila nyuzi 10 zikipungua kasi hushuka karibu nusu. Nyuzi moja tu ikikosekana unapoteza kati ya asilimia 5 na 7. Chukua kitendanishi kilichopashwa hadi 37 na umimine humo mikrolita 100 za seramu ya nyuzi 17: mchanganyiko unashuka hadi nyuzi 35 na kidogo. Ndiyo sababu unasubiri dakika moja kabla ya kusoma, na chumba kikiwa baridi sana, dakika moja na nusu. Kyuveti iliyotoka kwenye ubaridi ikiingia kwenye chumba chenye unyevu wa masika hupata ukungu nje, na ukungu huo unasomwa kama ufyonzaji. Ukiuangalia kwa pembeni dhidi ya dirisha unauona wazi, kama pumzi kwenye kioo. Futa kwa karatasi laini, subiri, futa tena. Ukungu unaoyeyuka katikati ya usomaji ni mbaya zaidi, maana ufyonzaji unaposhuka wenyewe, mashine inahesabu ALT ambayo haipo.

Shida ya pili ni NADH. Kitendanishi kilichochanganywa kisomwe chenyewe dhidi ya maji kabla ya kazi. Kwa vifurushi vingi, kikiwa chini ya 1.0 kwenye nanomita 340, kimwage. Umeme ukikatika usiku na friji ikapata joto, NADH ndiyo ya kwanza kuharibika. Kuna mtego mwingine hapa ambao ni hatari kweli. Mgonjwa mwenye ALT ya maelfu anaweza kuila NADH yote ndani ya ile dakika ya kusubiri. Usomaji ukianza hakuna kinachobadilika tena, na mashine inaandika namba ndogo, pengine ya mtu mzima wa afya. Angalia ufyonzaji wa mwanzo, usiangalie jibu tu. Ukikuta ufyonzaji umeanzia chini sana, au badiliko limezidi 0.16 kwa dakika, changanya seramu na chumvi ya 0.9% moja kwa tisa, upime upya, uzidishe kwa 10.

La tatu linawahusu hasa wagonjwa wa kifua kikuu, na hapa Nyanda za Juu ni watu wengi tunaowafuatilia. ALT na AST haziwezi kufanya kazi bila piridoksali fosfeti, umbo la vitamini B6. Isoniazidi huipunguza B6 mwilini. Ndiyo maana wengi wanaoitumia hupewa piridoksini. Vifurushi vya bei nafuu havina piridoksali fosfeti ndani yake, kwa hiyo vinapima kile kimeng'enya ambacho tayari kina B6 yake, na sehemu iliyobaki inalala bila kuonekana. Yaani mtu uliyemhofia ini kuumizwa na dawa ndiye ambaye kipimo kinamsoma chini. Hali ni ileile kwa mlevi wa muda mrefu na kwa mtu aliyekonda kwa njaa. Ukiagiza vitendanishi, uliza swali hili moja kabla ya kuuliza bei. Na ukibadilisha kifurushi katikati ya utafiti, pima sampuli zisizopungua 20 kwa vyote viwili siku moja, vinginevyo mstari wako wa ALT utaruka bila mgonjwa yeyote kubadilika. Hili lina uzito kwa sababu maamuzi hufuata namba: dawa za kifua kikuu husimamishwa ALT ikizidi mara 3 ya kikomo cha juu kwa mwenye dalili, au mara 5 kwa asiye na dalili.

GGT, kimeng'enya kingine cha ini, nayo ina kesi yake. Watu wameizoea kama kipimo cha pombe, na msimu wa ulanzi ukifika Iringa na Njombe, GGT ikipanda mgonjwa huhukumiwa pale pale. "Mama, umeanza tena ulanzi?" anaulizwa mbele ya watu. "Hapana, dokta, nameza dawa tu," anajibu, na huenda anasema kweli kabisa. Rifampisini huchochea ini litengeneze GGT zaidi, kama zinavyofanya fenitoini na dawa nyingine za kifafa. Ikiwa ALT na bilirubini zimekaa sawa, GGT peke yake kwa mtu wa rifampisini haina ushahidi wa kumshtaki mtu. Pombe hutiliwa shaka zaidi AST ikiwa zaidi ya mara mbili ya ALT, na hata hapo kumbuka B6. Vilevile AST na ALT zimo kwenye misuli. Kijana aliyepakia magunia ya viazi siku mbili mfululizo, au aliyepanda Mlima Rungwe juzi, anaweza kuja na AST ya kutisha; CK, kimeng'enya cha misuli, ndiyo itakayosema kama ni misuli.

ALP, kimeng'enya cha ini na cha mifupa, usiipime kamwe kwenye tyubu ya zambarau. EDTA iliyomo inanyang'anya zinki na magnesi ambazo ALP inazihitaji. Na usishtuke ikiwa juu kwa mtoto anayekua au mjamzito wa miezi ya mwisho. Ni ya mifupa na ya kondo la nyuma.

Tyubu ya kijani sasa. Heparini huchaguliwa kwa sababu haigusi kalsiamu. EDTA huifunga kalsiamu na magnesi, na bila hizo nyutrofili hazimezi vizuri na komplimenti, protini za damu zinazowapaka bakteria ili wamezwe, haiamki. Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, ambacho maabara yoyote yenye darubini nzuri inaweza, ni cha rangi iitwayo NBT. Changanya mikrolita 100 za damu na mikrolita 100 za NBT ya 0.2%, dakika 15 kwenye nyuzi 37, kisha dakika 15 kwenye joto la chumba, tandaza kwenye kioo, paka rangi, hesabu nyutrofili 100 kwa lenzi ya mafuta. Nyutrofili iliyoamka hutoa oksijeni kali inayoigeuza NBT ya njano kuwa punje za bluu nyeusi ndani ya seli, na ukishaziona mara moja hutazisahau: ni kama wino umemwagika kwenye saitoplazimu, kiini kimesukumwa pembeni. Kwa mtu asiye na maambukizi, zilizojaa punje kwa kawaida hazifiki 10 kati ya 100. Zile dakika 15 za "joto la chumba" zina maana ya nyuzi 20 na zaidi. Kwenye chumba cha nyuzi 15 mwitikio husinyaa nawe utaandika kwamba wagonjwa wa Makete wana kinga dhaifu.

Kutenga monosaiti na limfosaiti, chembe nyeupe nyingine, kwa kioevu cha Ficoll ndiko baridi inakouma zaidi. Kioevu hicho kimepimwa kiwe na gramu 1.077 kwa mililita kwenye nyuzi 20. Kikiwa baridi kinakuwa kizito, hivyo nyutrofili na chembe nyekundu ambazo zilipaswa kuzama zinabaki juu, na ule utando mweupe unaoutafuta unatoka mwekundu mwekundu. Toa chupa kwenye friji jioni ya jana yake, iweke kwenye kabati la nyuzi 20, PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) vilevile, hata vikapu vya sentrifyuji viguse kwa mkono. Changanya damu na PBS nusu kwa nusu, ilaze tyubu na umimine damu juu ya Ficoll taratibu kiasi cha kuona mpaka ulionyooka kama uzi kati ya viwili. Zungusha kwa 400 g dakika 30, breki imezimwa. Breki ikiwashwa kila kitu kinachanganyika dakika ya mwisho. Usinakili mizunguko kwa dakika kutoka maabara nyingine: kwa mkono wa sentimita 16, 400 g ni mizunguko kama 1,500, kwa wa sentimita 10 ni kama 1,900. Pima mkono wa mashine yako kwa rula, kutoka katikati hadi chini ya tyubu. Mavuno ya kawaida ni seli milioni 1 hadi 2 kwa kila mililita ya damu. Ukipata pungufu sana, kwanza shuku baridi.

Mwinuko nao una mambo yake, na hakuna karatasi ya kiwandani inayoyasema. Mbeya hewa ina mgandamizo wa kama kilopaskali 83, badala ya 101 za pwani. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Makete karibu 93. Inkyubeta ikiwekwa kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 kama vitabu vinavyosema, gesi halisi inayogusa maji ya kuoteshea ni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya tano, na yale maji mekundu yanaelekea zambarau, dalili kwamba yamekuwa na alkali. Weka asilimia 6. Otoklevu yenye geji ya kupima mgandamizo tu ni mtego: ratili 15 kwa inchi ya mraba (psi) juu ya hewa ya Mbeya ni nyuzi 118, si 121. Ili ufike 121 unahitaji ratili 17.5 hadi 18, kama chombo kimeruhusiwa kufika hapo. Kama hakijaruhusiwa, ongeza muda na uthibitishe kwa vichupa vya spora. Otoklevu mpya zinazosoma joto zenyewe hazina shida hii.

Lakini hata otoklevu iliyofika 121 haitakuokoa na adui mkubwa wa utafiti huu, nayo ni endotoksini. Ni lipopolisakaridi ileile, ikiwa imeachwa na bakteria waliokwisha kufa. Mvuke wa otoklevu unawaua bakteria na kuiacha endotoksini karibu salama salimini. Pikogramu 100 kwa mililita, ambayo ni kama yuniti moja ya endotoksini, zinatosha kuzifanya monosaiti zimwage TNF. Maji yaliyodistiliwa yanayokaa kwenye pipa la plastiki wiki mbili yanaota bakteria wa Gramu hasi. Unayachemsha, unayatumia kutengeneza PBS, na seli zako zinaamka kabla hujazipa bakteria wowote. Grafu inaonyesha kwamba kundi lisilopewa kitu limejibu karibu sawa na lililopewa. Wengi huishia kulaumu seli.

Suluhisho la kwetu ni rahisi: nunua maji ya sindano na dripu za chumvi kwenye duka la dawa. Maji ya sindano yanatakiwa kuwa chini ya yuniti 0.25 za endotoksini kwa mililita. Vyombo vya glasi vichome kwenye oveni kavu, nyuzi 250 kwa dakika 30, au nyuzi 180 kwa muda wa saa 4 kama oveni haifiki juu. Kisha weka kisima kimoja, yaani kitundu kimoja cha sahani ya seli, chenye polimiksini B, mikrogramu 10 kwa mililita. Polimiksini inaishika endotoksini. Kama unachozipa seli ni protini uliyoisafisha, na mwitikio wake ukafutika kwa polimiksini, ujue hujapima protini, umepima uchafu. Kisima cha pili cha kulinganishia kipewe protini iliyochemshwa: protini huharibika, endotoksini hubaki.

Kuhusu kuwalisha makrofaji bakteria hai, makosa mawili yanatosha kutajwa. Maji ya kuoteshea seli huwa na penisilini na streptomaisini. Yasipobadilishwa siku moja kabla, bakteria wanakufa mlangoni. Na komplimenti iliyopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 haiwapaki bakteria chochote, hivyo tumia seramu mbichi, asilimia 10, dakika 20 hadi 30 kwenye 37. Kisima chenye makrofaji 200,000 kikitaka bakteria 10 kwa kila seli kinahitaji bakteria milioni 2. Ukungu wa McFarland 0.5, kipimo cha wingi wa bakteria kwenye maji, ni kama milioni 150 kwa mililita; upunguze moja kwa tisa, chukua mikrolita 133. Baada ya kumezwa, gentamaisini mikrogramu 100 kwa mililita kwa saa moja inaua walio nje, kisha ishushe hadi 10 au 20, kwa sababu ikikaa sana inapenya ndani ya seli na kuua wale unaotaka kuwahesabu. Daima pandikiza kidogo ya maji ya juu kwenye sahani: yakiota, gentamaisini yako imekufa.

Mtoa damu naye achunguzwe. Anayetoka Kyela apimwe malaria kwa mRDT kwanza, maana monosaiti zilizomeza rangi nyeusi ya vimelea hujibu kwa uzito. Aliyetoka kuugua homa ya bakteria naye ana seli zilizozoea lipopolisakaridi, zinazotoa TNF kidogo zikiipata tena. Mwili una njia ya kuizima: mwaka 1986 Robert Munford na Catherine Hall walionyesha kwamba nyutrofili zina kimeng'enya, AOAH, kinachokata minyororo ya mafuta kwenye lipopolisakaridi na kuitoa makali. Seli za Kupffer nazo zinacho. Hapo vimeng'enya na kinga vinakutana ndani ya ini lenyewe.

Unapofuatilia mgonjwa wa taifodi au wa dawa, usipime mara moja. AST hubaki nusu kwa saa 17 hivi, ALT kwa saa 47. Ini likiacha kuumia, AST ya 400 inapaswa kuwa karibu 150 kesho yake wakati kama huo, huku ALT ikiwa imeshuka theluthi moja tu, hivyo ALT kuwa juu ya AST siku ya pili ni dalili njema. AST isiposhuka kwa siku mbili, kitu bado kinaendelea kuua seli. Rudia kwa kitendanishi kilekile, saa ileile, na kipimajoto cha chumba kiandikwe kando ya jibu.